Binti yuko darasa la 10 Ohio, anataka kuanza krediti za chuo akiwa bado haiskuli. Wenye uzoefu njooni

#1 MamaNuru_Ohio
Habari za jioni wakuu. Nina binti yuko darasa la 10 hapa Columbus, mwakani anaingia la 11. Shule wametuletea karatasi ya College Credit Plus, kwamba mtoto anaweza kusoma masomo ya chuo huku bado yuko haiskuli, krediti (yaani uzito wa masomo unaohesabiwa kufikia digrii) zinahesabika pande zote mbili, chuo cha serikali ada hulipi na vitabu wanatoa wao. Kaunsela kasema barua ya kutangaza nia iwe imefika kabla ya tarehe 1 Aprili, kwa hiyo muda wenyewe ndio huu.

Sasa kila ninayemuuliza ananiambia lake. Kanisani kuna mama mmoja mwanae kamaliza haiskuli na digrii ya miaka miwili mkononi, ananiambia nisipomwandikisha nitakuwa nimemdhulumu mtoto. Shemeji yangu wa Maryland anasema hizo krediti vyuo vikubwa wanazitupa, bora mtoto akomae na AP (Advanced Placement, masomo ya ngazi ya chuo yanayofundishwa haiskuli na kuwa na mtihani wake). Baba yake ndo kabisa, anasema mtoto wa miaka 15 kukaa darasa moja na watu wazima hataki kusikia. Binti mwenyewe anataka sana, anawaza unesi au famasia, bado hajaamua.

Nani kati ya hawa anasema kweli? Na aliyepitia aniambie ilikuwaje mtoto alipofika chuoni. Natanguliza shukrani.

#2 KisikiChaMpingo
Nakaa siti ya mbele. Wangu yuko la 8 na Ohio nasikia wanaanzia la 7.

#3 Mzee_wa_Tacoma
Dada, mimi niko Washington, huku inaitwa Running Start, ipo kwa sheria ya jimbo ya mwaka 1990. Mtoto wa la 11 na la 12 anakwenda komyuniti koleji (chuo cha miaka miwili), ada ya masomo hatozwi, mnabaki na vitabu na ada ndogo ndogo, na kipato kikiwa cha chini hata hizo wanasamehe.

Nina watoto wawili waliopita humo. Wa kwanza alimaliza krediti 90 za kwota (mwaka wa masomo wanaugawa robo robo), ndiyo digrii ya asosieti hiyo, akavaa majoho mawili mwezi mmoja wa sita. Akaenda chuo kikuu cha serikali hapa hapa jimboni kusoma biashara, wakampokea na krediti zote, miaka miwili akatoka. Binti wa pili koleji ile ile, krediti karibu zile zile, yeye akataka uhandisi. Amekaa chuo kikuu miaka minne kamili. Hakuna krediti iliyotupwa, zote zimo kwenye transkripti yake (rekodi rasmi ya masomo na alama), ila zimeingia kama masomo ya kuchagua. Uhandisi ni ngazi, kalkulasi ya kwanza ndipo ya pili ndipo fizikia ndipo masomo ya idara, na yeye haiskuli alijaza historia, saikolojia na mawasiliano kwa sababu ndiyo yaliyokuwa na nafasi asubuhi. Alifika na krediti kibao na bado akaanzia chini ya ngazi kama wenzake wasio na hata moja.

Kwa hiyo kabla hujauliza zitapokelewa au hazitapokelewa, uliza zitapokelewa kama NINI.

#4 Kitenge_Moja
Shemeji wa Maryland aletwe humu haraka ajitetee 😄

#5 Chande_Houston
Namtetea shemeji, na sitanii. Kozi ya chuo ukishaiandikisha ile alama inaingia kwenye transkripti ya chuo na haitoki milele. Mtoto akapata F ana miaka 16 kwa sababu ya utoto tu, hiyo F itamfuata hadi siku anaomba kusoma udaktari, wale wa AMCAS (mfumo wa kuomba vyuo vya udaktari) wanataka transkripti ya kila chuo ulichowahi kukanyaga hata kama ulikuwa haiskuli. Famasia nayo hivyo hivyo. AP ni mtihani mmoja mwezi wa tano, alama 1 mpaka 5, ukipata 2 hupeleki popote na hakuna atakayejua. Halafu AP ipo tangu miaka ya 1950, kuanzia Boston mpaka San Diego wanaijua, hiyo koleji ya mtaani kwenu nani anaijua nje ya jimbo? Mtihani ni kama dola 99 na wenye kipato kidogo wanapunguziwa.

#6 Mwalimu_Siti
Chande umesema mengi ya kweli ila hapo kwa AP nikurekebishe. Alama ya MTIHANI ndiyo unaweza kuificha. Alama ya DARASA la AP, yaani A au C aliyompa mwalimu mwaka mzima, ipo kwenye transkripti ya haiskuli na vyuo vinaiona. Nafundisha haiskuli, wazazi wengi wanachanganya hapo.

Na siyo kweli kwamba AP inapokelewa kila mahali. Dartmouth waliacha kutoa krediti za AP kuanzia darasa lililohitimu 2018. Brown hawakupunguzii miaka kwa AP. Vyuo vingine vinataka 4, vingine 5, vingine 5 kwa kemia na 3 kwa historia. Ohio kwa bahati nzuri vyuo vya serikali vyote vinatakiwa kutoa krediti kuanzia 3, kwa hiyo MamaNuru kama binti atabaki jimboni njia zote mbili ziko wazi kwake.

Hao wanaoomba vyuo vya majina makubwa wengi hawachukui AP ili waokoe pesa, wanachukua ili waonekane wamesoma magumu kuliko yote yaliyokuwepo shuleni kwao. Ni lengo jingine kabisa. Ndiyo maana shemeji na mama wa kanisani hawataelewana hata wakikaa mpaka asubuhi, mmoja anaongelea kuingia chuo na mwenzake anaongelea kulipa chuo.

#7 Msee_wa_Minnesota
Wadau salamu. Niko Brooklyn Park. Sisi ndio tulianza hii maneno nchi nzima, PSEO, programu yetu ya hizi kozi za chuo, ni ya 1985, enzi za gavana Perpich, hizo states zingine zilikuja kucopy. Mtoi wa la 11 na 12 anaenda chuo hata full time, tuition, vitabu na fees zote ni state, na hata University of Minnesota iko ndani. Boy wangu hakukanyaga haiskuli mwaka mzima wa mwisho isipokuwa mambo ya track. Savings tulizopata ziliweka paa kwa nyumba ya mamangu Kakamega.

#8 Mzee_wa_Tacoma
Huyo kila uzi lazima hiyo nyumba ya Kakamega itajwe. Lakini kwa 1985 yuko sahihi.

#9 Karani_wa_Usajili
Nafanya kazi ofisi ya usajili ya chuo kikuu kimoja huku Midwest, kazi yangu ndiyo kuzipokea hizi krediti, kwa hiyo niseme kinachotokea mezani.

Kwanza, transkripti ya haiskuli HAITOSHI. Shule itaandika kwamba mtoto alisoma Kiingereza cha chuo, mimi kwa maandishi hayo siwezi kumpa hata krediti moja. Nataka transkripti rasmi kutoka chuo chenyewe alichosomea, na ni mtoto anayetakiwa kuiomba. Kila mwaka napata wanafunzi wamekaa semista nzima hawajui, wanarudia somo ambalo tayari walishafaulu, na walimu wao wa haiskuli hawakuwaambia.

Pili, D kwao ni kufaulu, kwetu kwa somo linalohamishwa tunataka C au zaidi, na vyuo vingi viko hivyo.

Tatu, somo nalilinganisha na silabasi yetu. Likifanana na kozi yetu nalipa namba ya kozi yetu, lisipofanana linaingia kama la kuchagua. Hapo ndipo ilipo hadithi ya binti wa Mzee wa Tacoma.

Kwa Ohio kuna kitu kinaitwa Ohio Transfer 36, ni fungu la masomo ya msingi ambayo vyuo vya serikali vya jimbo vimekubaliana kupokeleana. Indiana wanalo lao, Indiana College Core, krediti 30. Mama, binti akianza, achague kutoka fungu hilo kwanza. Kiingereza cha kuandika, takwimu, saikolojia, baiolojia. Nesi au mfamasia hayo atayahitaji tu.

#10 MamaNuru_Ohio
Karani Mungu akubariki, hili la transkripti kaunsela hakunigusia kabisa. Naomba kuuliza: kama atafanya vibaya ni kweli tutadaiwa pesa? Kuna mzazi kanitisha.

#11 NdoviyeFranklin
Ni kweli kwa sehemu. Mimi pia niko Columbus na wangu wamepita CCP, yaani hiyo College Credit Plus. Akipata F, au akijitoa baada ya muda wa kujitoa bila hasara kupita, wilaya ya shule inaruhusiwa kukudai. Isipokuwa kama familia iko kwenye kundi la kipato cha chini hapo hawakudai. GPA (wastani wa alama) ya kozi za chuo ikishuka chini ya 2.0 wanamweka chini ya uangalizi.

Pia mwanzoni hachagui anachotaka, krediti 15 za kwanza lazima zitoke kwenye orodha ya kozi za ngazi ya kwanza. Na kwa mwaka kikomo ni krediti 30 lakini ndani ya hizo 30 wanahesabu na masomo ya haiskuli anayobaki nayo, kila somo zima la mwaka huko haiskuli linakula 3. Watu wanasoma "30" kwenye karatasi wanafikiri mtoto atabaki na ratiba yote ya shule halafu aongeze 30 juu, haiwezekani.

Kitu kizuri ambacho hawakitangazi: kama shule inaipa AP uzito wa ziada kwenye GPA, kozi ya CCP ya eneo hilo hilo la somo inatakiwa ipate uzito ule ule. Hilo ulizia shuleni kwenu.

#12 Zuu_2003
Shikamooni wote. Mimi ndo nilikuwa huyo mtoto, nilianza nikiwa na miaka 16, sasa nafanya kazi maabara ya hospitali. Naomba niseme upande wetu maana mnatujadili kama hatupo 😊

Darasa la chuo ukiwa na miaka 16 hakuna anayekujua wewe mtoto. Profesa hakuulizi kwa nini hujaja, hakukumbushi kazi ya nyumbani, silabasi anakupa siku ya kwanza na tarehe zote mpaka Desemba zimo humo, imeisha hiyo. Haiskuli nilikuwa mwanafunzi wa A bila kujisumbua kwa sababu kila siku kuna mtu ananisukuma. Chuo mtihani wa kwanza wa kemia nilipata alama ambayo sijawahi kuiona maishani na hakuna mtu aliyepiga simu nyumbani. Nilijifunza kwenda saa za profesa ofisini, nilijifunza kuandika barua pepe ya kiutu uzima, nilijifunza kutumia kituo cha kusaidia uandishi. Nilipofika chuo kikuu wenzangu ndo wanaanza kulia, mimi nilishalia zamani.

Kilichoniuma ni upweke. Haiskuli hauko, marafiki wana vichekesho vyao wewe huvijui, mchezo nao niliacha kwa sababu ya ratiba ya basi, na huku chuoni wenzako wana watoto na kazi za usiku. Mama mwambie binti abaki na kitu kimoja cha haiskuli, kwaya, timu, chochote, asikate kamba yote.

#13 Baba_Wanne
Mimi niko na baba Nuru. Zuu hongera mwanangu lakini umesema mwenyewe hakuna aliyepiga simu nyumbani, na hilo ndilo linalonifanya nikatae. Sheria ya FERPA, ile ya faragha ya rekodi za wanafunzi, ikishamhesabu mtoto ni mwanafunzi wa chuo, rekodi za chuo ni zake yeye HATA AKIWA NA MIAKA 15, mzazi ukipiga simu chuoni wanakwambia hatuwezi kuzungumza nawe. Mtoto ninayemlisha, ninayemlipia bima, nisioneshwe alama zake? Sisi tumelelewa mzazi anaitwa shuleni mbele ya mwalimu mkuu.

#14 Mwalimu_Siti
Baba Wanne hapo kuna nyongeza. Mtoto anaweza kusaini fomu ya ruhusa uone, na chuo kinaruhusiwa kukuonesha ikiwa mtoto bado ni tegemezi wako kwenye kodi, japo hakilazimiki. Na haiskuli bado ni wajibu wao kukupa walichonacho mpaka afike 18. Hiyo fomu ya ruhusa isainiwe wiki ya kwanza kabla mambo hayajaharibika.

#15 Baba_Wanne
Mpaka niombe ruhusa kwa mtoto. Haya.

#16 Kitenge_Moja
Mzee karibu Marekani.

#17 MtotoWaFizi
Jambo bandugu. Mimi niko Fort Worth Texas, tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Ninasoma yote munaandika na ninasikia uchungu kidogo, sababu batoto betu hii mambo haibafikii. Binti yangu alifika hapa na miaka 14, bakamutia darasa la 9, Kiingereza ilikuwa nguvu sana. Hesabu anajua kupita bengi, kule kambini alikuwa wa kwanza. Lakini huku Texas kabla ya kuingia kozi ya chuo iko mtihani wanaita TSIA, wa kusoma na kuandika na hesabu. Hesabu akapita, kusoma akaanguka. Basi shule bakasema angoja. Akangoja mpaka la 12 ikaisha. Hakuna mutu alituambia kama angeweza kuchukua kozi ya hesabu peke yake na alama ya hesabu alikuwa nayo. Hiyo nilijua nyuma, kwa mama mumoja wa Burundi.

Kwa hiyo kwa benye bako na batoto bapya: musingoje shule ibaite. Mwende muulize ninyi. Na tangu 2023 Texas iko programu inaitwa FAST, mutoto wa familia ya pesa kidogo hasilipe kitu mu vyuo vyenye viliingia mu ile programu.

#18 Chande_Houston
Ndugu wa Fizi asante sana kwa kuandika. Hiyo FAST naifahamu, ni sheria ya 2023, kigezo chao ni mtoto awe aliwahi kustahili chakula cha shule cha bure au cha bei ya chini katika miaka minne ya nyuma. Wazazi wetu wengi wanaona aibu kujaza ile fomu ya chakula, wanasema mtoto anabeba chapati zake kutoka nyumbani. Jazeni jamani, ile fomu inafungua milango zaidi ya chakula, hata punguzo la mtihani wa AP linapitia huko huko.

Na kwa binti, hajachelewa, CLEP ipo. Mitihani 34, haina umri, ukipata 50 katika 80 vyuo vinavyoipokea vinakupa krediti. Modern States wana masomo ya bure onlaini na ukimaliza wanakupa vocha ya kulipia mtihani. Anayejua hesabu CLEP ya aljebra ni ya wiki chache tu.

#19 KisikiChaMpingo
Kumbe Chande siyo AP tu 😄 leo umetema madini.

#20 Pweza_wa_Kigamboni
Wakuu niko Dar lakini nilisoma Marekani. Mnaongea kama vile ni watoto wa huko tu. Mimi nilienda na cheti changu cha Form Six, PCM, chuo cha serikali kimoja wakanipa krediti za kalkulasi, fizikia na kemia kwa sababu wanaihesabu A-level kama masomo ya chuo mwaka wa kwanza. Niliruka karibu mwaka mzima. Chuo chenyewe hawakuniambia, niliambiwa na Mganda mmoja ambaye alishafanyiwa hivyo kwa UACE yake. Kwa hiyo wenye ndugu wanaokuja na Form Six, matokeo yafanyiwe tathmini somo kwa somo, siyo ile tathmini ya jumla inayosema tu "amemaliza sekondari".

#21 Msee_wa_Minnesota
Hii ndio inatuumanga sisi Wakenya. Sisi tulikuwa na A-level mpaka 8-4-4 ikaingia 1985, mtihani wa mwisho wa A-level ukafanywa 1989. Mimi na KCSE yangu nilianza chuo huku from zero, roommate wangu Mtanzania na darasa ni lile lile akaingia na krediti kadhaa. Nilimnunia wiki mbili.

#22 Pweza_wa_Kigamboni
Ila nyie mlimaliza sekondari mwaka mmoja kabla yetu, tulieni.

#23 Mama_Kiswahili_StPaul
Msee wa Minnesota umesahau jambo moja la nyumbani kwako. Minnesota mtoto anaweza kupimwa Kiswahili na akapata siili (muhuri) ya lugha mbili kwenye diploma, na vyuo vya mtandao wa Minnesota State vinatakiwa kumpa krediti za lugha kwa siili hiyo. Kozi hachukui, ni mtihani wa kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika. AP hawana Kiswahili, CLEP hawana Kiswahili, wana Kihispania, Kifaransa na Kijerumani, lakini mitihani ya kupima lugha yenyewe Kiswahili kimo. Mtoto wa dada yangu alifanya.

Tatizo ni moja, watoto wetu wengi wanaongea vizuri ila kuandika hawajui, wengine hata kusoma gazeti la Kiswahili wanakwama. Mimi Jumamosi nakaa na watoto wa jirani tunaandika insha fupi fupi, nawapa na barua za kumwandikia bibi. Wazazi msiongee Kiingereza kibovu na watoto nyumbani, mnawanyima krediti.

#24 Baba_Wanne
Hapa sasa tumeongea. Hii ndiyo krediti ninayoiunga mkono.

#25 NdoviyeFranklin
Nirudishe kwenye mada. Kuna kitu sijaona mtu ametaja: msaada wa fedha. Krediti za haiskuli zikishahamishiwa chuoni zinaingia kwenye hesabu ya maendeleo ya kitaaluma wanayoangalia kabla hawajakupa Pell (ruzuku isiyorudishwa) na mikopo ya serikali kuu. Vyuo vingi wanataka uwe umefaulu kama 67% ya krediti ulizojaribu, na kujitoa kunahesabika kama umejaribu na hukufaulu. Nimeona kijana wa mtaani kwetu, haiskuli aliandikisha makozi mengi kwa sababu ni ya bure, akajitoa nusu yake katikati ya semista, siku ya kwanza chuoni anaambiwa yuko chini ya kiwango na lazima aandike barua ya rufaa. Miaka 18, hata hajakaa darasani bado! Ada ni bure lakini kujitoa siyo bure.

#26 Mzazi_wa_Aurora
Nimesoma uzi wote. Mimi naona mnazunguka. Ukweli ni kwamba vyuo vinakataa krediti kwa sababu vinataka pesa, basi. Mtoto akija na mwaka mmoja mkononi wamepoteza ada ya mwaka mmoja. Ndiyo maana vyuo binafsi vinasema "kozi iliyotumika kumaliza haiskuli hatuihesabu". Hiyo ni biashara.

#27 Karani_wa_Usajili
Mzazi wa Aurora sitabisha kwamba pesa ipo, lakini mezani kwangu sijawahi kupewa maagizo ya kukataa. Ninachokiona ni kozi mbili zenye jina moja na maudhui tofauti. Mtoto kasoma kemia ya chuo haiskuli kwao bila maabara kamili, anakuja kwenye fani inayotaka kemia na maabara. Nikimpitisha, anaingia kemia ogania semista inayofuata na anaanguka. Nimeshaona wakianguka.

#28 Mzazi_wa_Aurora
Basi nieleze kwa nini chuo kile kile kinapokea kemia hiyo hiyo kutoka kwa mwanafunzi aliyehama kutoka koleji akiwa na miaka 25 lakini ya mtoto wa haiskuli wanaiuliza maswali. Koleji moja, kozi moja, labda na profesa yule yule.

#29 Karani_wa_Usajili
Kwetu hatutofautishi kama alikaa kampasi ya koleji. Wanaouliza maswali ni pale kozi ilipofundishwa ndani ya haiskuli na mwalimu wa haiskuli.

#30 Mwalimu_Siti
Hapo naingia maana ni mimi huyo mwalimu wa haiskuli. Nina shahada ya uzamili katika somo langu, silabasi napewa na chuo, mtihani wa mwisho ni wa chuo, na wanakuja kunikagua darasani. Watoto wangu wanafanya kazi ile ile. Kuna shule wanafanya ovyo, ndiyo, lakini na kampasi nako kuna maprofesa wanaosoma slaidi tu. Kukisia ubora kwa kuangalia jengo siyo haki kwa watoto ambao hawana gari la kuwafikisha kampasi. Kwa wengi darasa langu ndiyo njia pekee waliyonayo.

#31 Zuu_2003
Mwalimu naunga mkono. Hilo la gari ndo lilikuwa kubwa kuliko yote kwangu. Ratiba ya basi ndo ilinichagulia masomo, siyo kaunsela.

#32 Mzee_wa_Tacoma
Mimi bado nashikilia langu, siyo pesa za chuo wala siyo jengo, ni ratiba na ushauri. Binti yangu angepata mtu wa kumwambia akiwa la 11 "anza kalkulasi sasa", angetoka mapema. Kaunsela wa haiskuli ana mamia ya watoto, atakwambia zipi zinatosha kumaliza haiskuli, hawezi kujua kila idara ya kila chuo inataka nini. Mshauri wa chuo yeye anamjua mwanafunzi akishafika. Katikati hapo hakuna mtu.

#33 MamaNuru_Ohio
Nimemsomea baba Nuru nyingi ya komenti hizi. Kaganda kwenye ya Zuu na ya FERPA. Amekubali aanze na kozi mbili tu, moja ifundishwe shuleni na moja onlaini, na fomu ya ruhusa isainiwe. Binti kanuna kidogo alitaka nne. Mimi kesho nampigia mshauri wa kitivo cha unesi cha chuo anachokitaka niulize zipi wanazihesabu na kama sayansi ya haiskuli itakuwa imepitwa na wakati atakapofika huko. Hilo la mwisho kuna mtu analijua?

#34 NdoviyeFranklin
Dada uliza hilo hasa hasa kwa anatomia na fiziolojia. Programu nyingi za unesi zinaweka ukomo wa miaka kwa sayansi, akienda moja kwa moja hana shida, akipumzika akafanya kazi miaka kadhaa ndipo inaleta shida. Ila kuwa makini na onlaini kwa mtoto wa mara ya kwanza, wangu mmoja alizama kwenye onlaini na ya darasani akafaulu vizuri.

#35 Chande_Houston
Moja ya onlaini moja ya darasani... bado nasema angechukua AP Baiolojia. Haya nimenyamaza.

#36 Nyanya_Chungu_ATL
Samahani kwa kuchelewa, Georgia huku inaitwa Dual Enrollment na tangu sheria ya 2020 jimbo linalipia mpaka krediti 30 tu. Wangu yuko la 11 ameshafika 24 na anataka masomo matatu semista ijayo, 9 hizo. Je, hizo 3 zinazozidi tunalipa bei ya kawaida ya chuo au kuna punguzo? Na je HOPE yake ya baadaye (ufadhili wa jimbo wa kusomea chuo) itaguswa? Kaunsela wetu ameenda likizo ya uzazi na aliyeshika nafasi yake ananiambia nisubiri.

#37 Mzazi_wa_Aurora
Usisubiri, piga simu koleji yenyewe, omba mtu wa ofisi ya Dual Enrollment na siyo udahili wa kawaida. Wa Atlanta wengine wapo humu? @KarafuuDecatur uliwahi kusema wako alivuka 30.